Woranti ya faini: mjomba kaitwa mahakamani, mi nimejificha Kaliua

Maswali ya wasomaji wa Kigoma na Tabora, anajibu mama yenu msaidizi wa kisheria

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni kijana wa miaka 27, nilikuwa navua dagaa hapo Kibirizi. 2024 mwezi wa tano mwanzoni niligombana na mwenzangu kwa ajili ya hela ya mauzo ya usiku mmoja, tukashikana, nikampiga kafi ya bega, akaenda kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na mimi nikafikishwa mahakama ya wilaya. Nilikubali kosa kwasababu kweli nilimpiga. Hakimu akasema faini laki 3 au jela miezi 6, alafu nimlipe mwenzangu fidia laki na nusu. Siku ile mfukoni nilikuwa na laki na 20 tu nikazilipa, mjomba wangu wa Gungu akasimama akasaini bondi, akaweka barua ya mtendaji na NIDA yake, nikapewa mwezi mmoja nimalizie. Sasa mama si unajua mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa tusivue Mei 15 mpaka Agosti 15, sikupata hata mia ya kuweka, tarehe ikafika nikaona aibu kwenda mikono mitupu, nikapanda treni nikaja huku Kaliua kwenye tumbaku na mpaka leo niko huku. Yule mwenzangu nilimpa elfu 30 mkononi kabla sijaondoka na elfu 50 nikamtumia kwa simu baadae.

Juzi shangazi kanipigia analia, mahakama imetoa woranti nikamatwe, na mjomba kapata samansi aende akajieleze kwa nini bondi yake isiliwe. Mjomba mwenyewe hajanambia neno lolote mama, hata simu hapigi. Wiki iliyopita tena kuna namba ngeni, jamaa anasema yeye ni afande, nimtumie elfu 50 aifute woranti kwenye mfumo. Hapa nina laki na elfu 10. Huku wananambia nitulie, woranti ikipita mwaka inakufa yenyewe. Ni kweli? Na nikienda si ndo najipeleka jela? – Mvuvi, Kaliua

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nilikuwa natafuta pale uliposema mjomba hapigi simu, pale ndo paliponiuma.

Nianze na hilo la woranti kufa, maana ndo linalokudanganya ukae huko. Haifi. Hati ya kukamatwa ikishasainiwa na hakimu na kupigwa mhuri inaishi mpaka mambo mawili, ama ukamatwe ama mahakama ile ile iliyoitoa iifute. Mwaka ukipita ipo, miaka mitano ikipita ipo, na haiishii mpaka wa Kigoma, polisi wa Kaliua, wa Urambo, wa Mpanda, wote wanaweza kukukamata nayo. Utakuja kukamatwa siku umeenda kituoni kuripoti umeibiwa simu, au siku mmesimamishwa kwenye basi mnakaguliwa vitambulisho, na siku hiyo itakuwa Ijumaa jioni na hela huna.

Na kwasababu anayeweza kuifuta ni mahakama peke yake, huyo anayejiita afande anayetaka elfu 50 kwa namba yake ya simu hana cha kukufutia, awe askari wa kweli awe tapeli. Usimtumie hata senti. Meseji zake usizifute, namba yake iandike pembeni, na ukitaka kumripoti TAKUKURU wanapokea bure kwa 113. Hela ya serikali inalipwa kwa kontroo namba, unapewa na mahakama, unalipa benki au kwa simu na unapata stakabadhi yenye jina lako, basi. Mtu akikwambia nitumie mimi nitakulipia, hata kama ni karani unayemfahamu, kataa kwa adabu.

Sasa mjomba. Mwanangu alivyosimama siku ile hakusaini karatasi ya kukuombea msamaha, alisaini kwamba usipoonekana hela iliyoandikwa kwenye ile bondi atatoa yeye. Ndo maana kaitwa. Akishindwa kueleza mahakama inaweza kuamuru bondi iliwe, yani alipe, na asipolipa na yeye matatizo yake yanaanza, mali yake inaweza kushikwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Lakini hajafika huko bado, samansi ya kujieleza ni nafasi, na jibu zuri kuliko yote mjomba anaweza kulitoa pale mbele ni kunyoosha mkono aseme mheshimiwa huyu hapa nimemleta. Kazi ya mdhamini ndo hiyo, kumleta mtu. Akikuleta mwenyewe anaweza na kuomba atolewe kwenye udhamini na mahakimu wengi wanamuelewa mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, kabla hata ya kumaliza kusoma hapa, mpigie. Asipopokea mpigie shangazi ampelekee simu mkononi. Muulize samansi yake inasema tarehe ngapi, na wewe uwe Kigoma siku mbili kabla ya tarehe hiyo.

Najua unachoogopa, kwamba ukiingia mlangoni wanakufunga. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Hakimu akiona ulikimbia kwa makusudi ana uwezo wa kusema kile kifungo cha badala ya faini kianze leo. Ila hata hapo ile laki na 20 uliyolipa haipotei, kifungo kinapunguzwa kwa kadiri ya ulicholipa, wewe umeshalipa kama asilimia 40 kwa hiyo ile miezi 6 inabaki kama mitatu na nusu hivi. Na siku yoyote humo ndani ndugu zako wakimalizia iliyobaki unatoka. Hilo ndo baya lenyewe kwenye faini yako, wala si miaka kama wanavyokutisha. Nilichokiona mimi miaka hii ninayosindikiza watu mahakamani ni kwamba mtu aliyekuja kwa miguu yake akiwa na hela kidogo mkononi na sababu inayoeleweka, na mtu aliyeletwa na pingu, hawasikilizwi kwa sikio moja. Na wewe sababu unayo, ziwa kufungwa hakuna mtu Kigoma asiyejua, hata hakimu mwenyewe miezi ile alikula dagaa wa bei ya kuruka. Ila usiiseme kama vile ziwa ndo lilikutuma ukimbilie Kaliua. Sema hela sikupata kwasababu ziwa lilifungwa, na kutokurudi kusema hivyo lilikuwa kosa langu. Hapo umesema ukweli wote na hakuna swali la kukunasa.

Nikupe mfano mmoja nilioushuhudia. Kuna mama mmoja muuza dagaa, alikuwa na faini ya kesi ya sheria ndogo za halmashauri, akapewa muda akapitiliza, woranti ikatoka, akawa analala kwa watoto wake kwa zamu. Nilimsindikiza Jumanne asubuhi. Hela alikuwa kaifunga kwenye ncha ya kanga, noti za elfu mbili mbili na sarafu, na mikono ilikuwa inamtetemeka hata fundo halifunguki, karani akamuonea huruma akamsogezea kiti. Jalada likatafutwa kwenye masjala, likapatikana chini kabisa limefungwa kamba, likapelekwa kwa hakimu. Tukaitwa kama saa tano hivi. Hakimu akamuuliza swali moja tu, ulikuwa wapi mama? Akasema nilikuwa hapa hapa mheshimiwa, nilikuwa naogopa. Hakimu akaandika nusu ukurasa, woranti ikafutwa, akapewa wiki tatu za kumalizia. Miezi mingapi alilala kwenye mikeka ya watu kwa ajili ya nusu ukurasa ule.

Ila nisikilize na hiki kilichofuata maana wengi hawakijui. Wiki mbili baadae askari wakamfuata sokoni, wana woranti ile ile, karatasi ya kuifuta haikuwa imefika kituoni kwao. Kilichomuokoa ni nakala ya ile amri, nilimwambia akatoe kopi na alikuwa nayo kwenye pochi imekunjwa mara nne. Wakaisoma, wakapiga simu, wakamuacha. Kwa hiyo na wewe woranti ikifutwa usitoke pale bila kuomba nakala ya amri yenye mhuri, na muulize karani nakala ya polisi inapelekwa na nani na lini. Mimi huwa nawaambia watu waipeleke wenyewe kituoni na mdhamini wao, wagongewe kwamba imepokelewa. Kopi moja ibaki nyumbani kwa mjomba, moja tembea nayo, na picha iwe kwenye simu.

Jinsi ya kwenda. Ukiwa bado huko muombe shangazi au mjomba apite masjala ya ile mahakama aulizie namba ya kesi, ile ya Kesi ya Jinai namba fulani ya 2024, na hakimu ni nani sasa hivi maana mahakimu wanahamishwa. Tafuta stakabadhi ya laki na 20, kama imepotea kumbukumbu ya malipo inatafutika kwa ile kontroo namba. Alafu andika barua kwa Hakimu Mfawidhi, yani hakimu mkuu wa mahakama ile, kwa Kiswahili chako cha kawaida, tangu 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama kwa hiyo usimlipe mtu wa steshenari elfu 20 akuandikie kizungu cha ajabu. Iwe fupi. Jina lako, namba ya kesi, ulihukumiwa nini, umelipa ngapi, kwa nini hukurudi, sasa umekuja na shilingi ngapi, na unaomba nini: jalada liitwe, woranti ifutwe, na uongezewe muda wa kulipa 180,000 iliyobaki kwa awamu. Fika Jumatatu au Jumanne asubuhi. Ijumaa usiende kabisa, hakimu akiwa na dharura unaweza kulala mahabusu mpaka Jumatatu kwa jambo la dakika kumi. Na ukikamatwa njiani kabla hujafika, usikimbie wala kubishana, omba usomewe hati na uoneshwe, uwaambie ulikuwa unaenda mahakamani na barua ipo mfukoni, na umpigie mjomba.

Ile laki na 10 yako iweke yote kwenye faini. Usiigawe. Woranti imeshika kwenye faini, ukiingia na 110,000 umebakiwa na 70,000 na hapo hakimu anaona kabisa mtu huyu anamaliza. Wala usingoje masoko ya tumbaku ndo ulipwe uje na hela yote, kwa tarehe ya mjomba hiyo imeshachelewa.

Fidia ni habari nyingine, na hapo umeniogopesha kidogo. Faini ni ya serikali, fidia ni ya yule uliyempiga, ukimaliza moja ya pili bado inakudai. Na hela ya mkononi mahakama haiioni. Ile elfu 50 ya simu una ujumbe wake, kama umeufuta nenda kwa wakala au duka la mtandao wako uombe taarifa ya miamala, ichapishwe. Ile elfu 30 ya mkononi inategemea mwenzako atakuwa muungwana kiasi gani. Muombe mjomba aende kwake kabla yako, wazee wanaelewana, amuombe afike mahakamani siku hiyo aseme nimepokea 80,000 bado 70,000, iandikwe kwenye jalada. Na wewe ukimuona mwombe radhi ya kweli, ulimpiga mtu kafi ya bega na bega ndo mkono wake wa kazi. Kuanzia hapo senti yoyote ya fidia ipitie mahakamani au iandikwe mbele ya karani.

Kama ukifika ukaona hata kwa awamu huwezi, kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002. Kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu mahakama inaweza kuamuru ufanye kazi za jamii bila malipo, kufyeka hospitali, kusafisha soko, huku unalala kwako. Lazima wewe mwenyewe ukubali, na afisa probesheni anakuja kwanza kuuliza habari zako mtaani. Si haki ya moja kwa moja, ni ombi, lakini lazima mtu aliombe, na wengi wanaingia gerezani hawajawahi kusikia hilo neno.

Mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria, siwezi kusimama mahakamani kukusemea na kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hairuhusiwi nikutoze hata shilingi. Ila kukusaidia barua na kukaa na wewe kwenye benchi naweza. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yoyote, hata hapo Kaliua, wanaweza kukuelekeza wasaidizi walipo. Ukifika Kigoma ulizia.

SWALI: Mama habari za kazi. Mimi ni bodaboda Tabora mjini, nina notifikesheni mbili za trafiki sijalipa, kijiweni wananiambia tayari nina woranti, nimeacha kupita barabara kubwa abiria wananishangaa. – Bodaboda, Cheyo

JIBU: Salama mwanangu, rudi barabarani. Notifikesheni ni deni, si hukumu. Trafiki amekuandikia kwamba unakubali kosa na utalipa, kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kwenye bajeti ya 2021/22 kutoka 30,000 kuwa 10,000 kwa kosa. Ukichelewa inaongezeka na wakikukagua kwenye mashine inaonekana, chombo kinaweza kuzuiliwa, kwa hiyo lipa mapema kwa kontroo namba yake, ila hakuna hakimu aliyekutaja. Woranti inakuja ukikataa kosa, ambayo ni haki yako kabisa, jalada likaenda mahakamani, ukapewa samansi alafu usitokee. Kama hujawahi kupewa samansi wala kusimama mbele ya hakimu, hao wa kijiweni wanakupotezea abiria.

SWALI: Shikamoo mama. Kaka yangu kafungwa hapa Tabora, faini laki 4 au miezi 6, tulishindwa siku ile akaingia. Sasa ana miezi miwili ndani. Tumechanga ukoo mzima tumepata laki 2. Kuna mtu anasema mkishashindwa siku ya hukumu imetoka hiyo, faini haipokelewi tena, ni jela mpaka mwisho. – Dada yake, Isevya

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Huyo mtu kawakosesha miezi miwili. Faini inapokelewa hata akiwa ndani. Mkilipa yote anatoka, mkilipa sehemu kifungo kinapungua kwa kadiri hiyo hiyo. Laki 2 ni nusu ya laki 4, kwa hiyo miezi 6 inashuka kuwa mitatu, ameshakaa miwili, anabakiwa na mmoja. Mkipata na nyingine ndani ya mwezi huo inapungua tena, kwa hiyo usiseme tungoje itimie.

Nenda mahakama iliyomhukumu, usiende gerezani kwanza. Taja namba ya kesi na jina lake kama lilivyoandikwa kwenye hukumu, herufi kwa herufi, maana jina likipishana na la gerezani unazungushwa siku nzima. Omba kontroo namba, lipa, rudisha stakabadhi kwa karani, alafu omba barua ya mahakama kwenda kwa mkuu wa gereza inayoeleza kilicholipwa, na uulize wanaipeleka wao au mnapewa ninyi. Mkipewa ninyi ipelekeni siku hiyo hiyo. Kule gerezani omba mhesabiwe tarehe mpya ya kutoka na uiandike.

Hiyo tarehe ikifika uwe getini mapema, na umchukulie nguo, aliingia mwezi wa baridi au wa joto hujui zile alizoingia nazo ziko hali gani, na nauli ya watu wawili.